Swali la msomaji ndilo lichague grafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie michoro ya takwimu inayochapishwa magazetini, hasa ile inayotokana na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza matokeo hayo jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022, idadi ya watu 61,741,120 imechorwa kwa kila namna: nguzo, duara, mistari, ramani za rangi na hata picha za watu waliopangwa kwa kimo. Takwimu zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba aina ya mchoro aghalabu huchaguliwa kwa kuangalia nafasi iliyobaki ukurasani, au kile ambacho programu ya kompyuta imekitanguliza kwenye orodha yake, badala ya kuangalia msomaji anataka kujua nini. Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari na wanafunzi wangu huja darasani na vipande vya magazeti, kwa hiyo athari yake naiona kwa karibu: kijana huliamini umbo kabla hajaisoma namba.

Chukua grafu inayopendwa kuliko zote, ile ya ongezeko la watu. Tangu Muungano nchi yetu imefanya sensa sita, yaani mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na idadi ya watu kwa mamilioni ilikuwa 12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9 na 61.7. Mchoraji huzichukua namba hizo, akasimamisha nguzo sita zilizoachana kwa nafasi sawa, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Lakini sensa hizo hazikupishana kwa miaka sawa. Kati ya ile ya 1967 na ya 1978 ilipita miaka 11, na kati ya ile ya 1988 na ya 2002 ilipita miaka 14, ilhali nyingine zote zilipishana kwa miaka 10. Kwa hiyo hatua ya kupanda kutoka nguzo ya 1988 hadi ya 2002, ambayo ni watu milioni 11.3, inaonekana kubwa kuliko hatua ya kutoka 2002 hadi 2012, ambayo ni watu milioni 10.5, na msomaji huondoka akiamini kwamba baada ya 2002 nchi ilianza kuongeza watu wachache zaidi kila mwaka. Ukigawa kwa miaka unapata habari nyingine kabisa. Katika kipindi cha kwanza tuliongezeka kwa wastani wa watu laki nane hivi kwa mwaka, katika cha pili kwa zaidi kidogo ya milioni moja, na kati ya 2012 na 2022 kwa karibu milioni 1.7 kila mwaka. Mchoro umesema kinyume cha takwimu zake bila namba hata moja kukosewa.

Panapoulizwa idadi imebadilikaje kadiri miaka inavyopita, jibu lake ni grafu ya mstari ambayo mhimili wake wa mlalo umepimwa kwa miaka halisi, ili miaka 14 ichukue nafasi ya miaka 14. Kila sensa iwekewe nukta yake inayoonekana, kwa sababu ni hapo tu watu walipohesabiwa, na mstari unaounganisha nukta ni makadirio ya njia iliyopitwa. Ikiwa swali ni kasi ya ongezeko kwa asilimia, hilo ni jambo jingine, nalo lina jibu lake: asilimia 2.9 kwa mwaka kati ya 1988 na 2002, asilimia 2.7 kati ya 2002 na 2012, na asilimia 3.2 kati ya 2012 na 2022. Angalia kwamba kasi ya asilimia ilishuka kidogo katika kipindi kile kile ambacho watu walioongezeka kwa mwaka walikuwa wengi zaidi. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana hayapaswi kubanwa katika mchoro mmoja wenye mihimili miwili ya wima, kushoto mamilioni na kulia asilimia. Katika mchoro wa namna hiyo, mahali mistari inapokatana hupangwa na vipimo alivyochagua mchoraji, lakini msomaji hulichukua kuwa tukio lililotokea nchini.

Mskoti William Playfair, ambaye kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1786 ndicho kinachotajwa kuwa chanzo cha grafu za mstari na za nguzo kwa takwimu za uchumi, alichora biashara ya Uingereza na nchi nyingine kwa mistari, kwa kuwa alikuwa na takwimu za miaka mingi. Alipofika kwa Scotland akakuta ana takwimu za mwaka mmoja tu, na hapo ndipo alipochora nguzo, mbili mbili kwa kila nchi iliyofanya biashara nayo, moja ya bidhaa zilizoingia na moja ya zilizotoka. Miaka zaidi ya 200 imepita na sijaona kanuni bora ya kuchagulia kuliko hiyo ya kutazama kwanza takwimu ulizonazo zinaweza kujibu nini.

Playfair huyo huyo ndiye aliyeleta grafu ya duara, mwaka 1801, na duara lina mahali pake. Sehemu zikiwa mbili au tatu, na swali likiwa kila moja ni fungu gani la jumla, duara linatosha: wanawake walikuwa asilimia 51.3 ya Watanzania wote mwaka 2022 na wanaume 48.7, na jicho linaona mara moja kwamba ni karibu nusu kwa nusu. Lakini duara lenye mikoa 31 halisomeki. Tabora ilikuwa na watu 3,391,679 na Morogoro 3,197,104; tofauti yao ni karibu watu laki mbili, ambao ndani ya duara hugeuka kuwa pembe ya nyuzi 1.1 tu. Hakuna jicho litakaloiona. Mchoraji akililaza duara lile ili lionekane nene, kama programu nyingi zinavyomruhusu, kipande kilicho mbele huvimba na cha nyuma hufinyika, na hapo hata mikoa iliyotofautiana kwa mbali hupoteza mpangilio wake. Wataalamu wa takwimu William Cleveland na Robert McGill walilipima jambo hili nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1984: watu hulinganisha kwa usahihi mkubwa zaidi nukta zilizo kwenye kipimo kimoja, kisha urefu, kisha pembe, na hukosea zaidi wanapolinganisha maeneo, na zaidi tena ujazo na ukolevu wa rangi. Kwa mikoa 31, basi, zilazwe nguzo 31 zikianzia mstari mmoja, majina ya mikoa yakiwa kushoto ili yasomeke bila kupindisha gazeti, na zipangwe kwa ukubwa kuanzia Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 na Mwanza yenye 3,699,872. Mpangilio wa alfabeti humfaa anayetafuta mkoa wake kwenye jedwali, ila kwenye grafu huificha habari yenyewe.

Nguzo nazo zina sharti lake, kwamba zianzie sifuri, kwa kuwa msomaji analinganisha urefu wake. Wanaume walikuwa 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Mhimili ukianzia milioni 29, nguzo ya wanawake inakuwa ndefu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya wanaume, wakati tofauti halisi ni asilimia tano na kidogo. Sharti hili silitaki kwa grafu ya mstari. Anayefuatilia bei ya dola au joto la mwili wa mgonjwa anatazama mabadiliko, na kumlazimisha aanzie sifuri ni kumbania mstari wake juu kabisa ukurasani hadi usionyeshe chochote.

Picha za watu zinazokua kwa kimo zinastahili kuachwa kabisa, na nasema hivyo nikijua kwamba wasanii wa magazeti wanazipenda. Kati ya 1967 na 2022 idadi yetu iliongezeka mara tano. Msanii akimchora mtu wa 2022 akiwa na kimo mara tano ya yule wa 1967, ni lazima amnenepeshe mara tano pia ili asionekane kama mlingoti, na hivyo wino aliotumia ni mara 25. Akitaka picha kwa dhati, achore vichwa vidogo vinavyolingana, kila kimoja kikiwakilisha watu milioni moja, kisha avipange kwa safu. Hiyo ni grafu ya picha tunayoifundisha tangu shule ya msingi na haimdanganyi mtu.

Naomba nikae kidogo kwenye ramani, kwa maana hapo ndipo nadhani tunapotoshwa zaidi. Ramani ya mikoa iliyopakwa rangi kwa idadi ya watu huvutia sana, na wahariri huipa nusu ukurasa. Lakini Tabora ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 76,000, na Dar es Salaam haifiki 1,400. Katika ramani hiyo Dar es Salaam, yenye watu wengi kuliko mkoa mwingine wowote, ni alama ndogo kando ya bahari, huku Tabora ikitanda katikati ya nchi kwa rangi nzito, na jicho huhesabu eneo lililopakwa rangi. Ukigawa watu kwa eneo unapata watu 45 hivi kwa kila kilomita ya mraba Tabora na takribani 3,865 Dar es Salaam. Rangi ya kukolea na kufifia iachwe kwa viwango vya namna hiyo, msongamano au asilimia, na idadi kamili ichorwe kwa miduara iliyowekwa juu ya kila mkoa, eneo la mduara likilingana na idadi. Na rangi iwe moja inayokolea hatua kwa hatua. Ramani ya nyekundu, kijani, njano na zambarau haimwambii mtu kipi ni kikubwa kuliko kipi. Wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Na kurasa za ndani za magazeti yetu mengi zinachapishwa kwa rangi nyeusi peke yake, ambapo nyekundu na kijani hutoka zote kijivu kile kile. Kwa sababu hiyo hiyo ningependa majina yaandikwe juu ya mstari au kando ya nguzo inayohusika, badala ya kisanduku cha maelezo pembeni kinachomtaka msomaji aoanishe rangi ambazo hazipo tena.

Ombi langu kwa meza yako ni dogo. Kabla ya mchoro kupelekwa kiwandani, mhariri wa zamu amwombe mchoraji aandike kwa sentensi moja swali ambalo mchoro unalijibu, na sentensi hiyo, au jibu lake, iwe ndicho kichwa cha mchoro badala ya maneno kama “Takwimu za Sensa”. Sentensi ikishindikana kuandikika, namba iandikwe ndani ya habari au iwekwe kwenye jedwali fupi, maana si kila takwimu inahitaji kuchorwa. Chini ya kila mchoro kiandikwe chanzo na mwaka, kwa mfano Ofisi ya Taifa ya Takwimu, 2022, ili mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuhakikisha ajue pa kwenda.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa hisabati,
Morogoro