Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani: futa amri ya risasi za moto

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote unazostahili, nakuandikia mimi mzazi wa mmoja wa wale uliowaita "wahuni wachache".

Mhuni wangu alikwenda kuandamana na bango na chupa ya maji. Ndiye aliyekuwa akiwagombeza wenzake kwamba atakayeokota jiwe aondoke. Amepigwa risasi ya paja akikimbia. Tundu ilikoingilia liko nyuma, muuguzi alinionyesha. Uliahidi bungeni kwamba risasi za moto basi. Sijui ahadi hiyo siku ile ilikuwa likizo wapi.

Mheshimiwa, chama chako ni cha ukombozi, hukupaswa kusomewa historia na mimi. ANC ya Afrika Kusini iliandika barua, ikatuma wajumbe, ikagoma kwa amani, tangu 1912. Machi 21, 1960, pale Sharpeville, polisi wakaua watu 69, wengi kwa risasi za mgongoni. Maandamano yenyewe yaliitishwa na PAC, chama kilichojitenga na ANC, lakini serikali ikapiga marufuku vyama vyote viwili. Kufika Desemba 1961, Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, ilikuwa inalipua mabomu. Mwaka huohuo wa 1960, Juni 16, Wareno waliwamiminia risasi watu wa Mueda, Msumbiji, waliokwenda kuonana na gavana. FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam 1962, na 1964 ikashika bunduki. Juni 16 tena, 1976, ikawa zamu ya watoto wa shule wa Soweto. Maelfu ya vijana walivuka mipaka. Wapo waliofika shule ya ANC ya Mazimbu, Morogoro, wakasoma. Wengine walikwenda kambini, na si kusoma.

Nadhani washauri wako wanakwambia watu wakiogopa watarudi majumbani. Ni kweli, watarudi. Ila wanaotangulia kurudi ni wale wapole, waliokuwa wakiwazuia wenzao. Wanaobaki utazungumza nao nini?

Mwanangu sasa hagombezi mtu. Wenzake huja jioni kumjulia hali, na nikiingia na chai wote wananyamaza.

Tume unda ukipenda, tumeshazizoea. Fidia tutaongea siku nyingine. Mimi naomba amri ile ifutwe, kwa maandishi, kabla ya Jumamosi. Ifutwe, Mheshimiwa. Jumamosi wanaandamana tena, na huyu wangu ameshaulizia magongo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi