Nyasi Zilizolala Si Nyasi Zilizokufa: Utunzaji wa Bustani Katika Baridi Kali

Kila mara theluji inapoanza kuyeyuka, simu zetu huita kwa malalamiko yaleyale: nyasi za bustani zimegeuka rangi ya majani makavu, na mwenye bustani anataka tuzing'oe zote tupande upya. Tunamwomba asubiri kwanza. Tukifika, tunachimbua kishungi kidogo kwa ncha ya kisu na kuchunguza lile shina fupi lililo usawa wa udongo, mahali ambapo majani huanzia na mizizi hushukia. Likiwa gumu na jeupe, nyasi hizo ziko hai na zimelala tu. Likiwa la kahawia, tena linabonyea kwa ukucha, basi hapo pamekufa kweli. Rangi ya majani peke yake haithibitishi lolote, kwani ukoka, kwa mfano, hukauka majani yote udongo unaposhuka chini ya nyuzi joto 10 hivi, kisha huchipua tena joto likirudi.

Kwa uzoefu wetu, bustani iliyopandwa aina ya nyasi inayofaa mahali pake huharibiwa na baridi yenyewe mara chache sana. Kinachoiharibu zaidi ni yale yanayotendwa juu yake wakati haina nguvu ya kujiponya.

Chukua mfano wa kukanyaga. Asubuhi yenye jalidi, yaani umande ulioganda, maji yaliyo ndani ya majani huwa yameganda, na mguu unapoyakandamiza, chembechembe za barafu hupasua kuta za seli. Wakati huo huonekani kuwa umeharibu kitu. Jua likishapanda na jalidi kuyeyuka, nyayo huanza kujitokeza moja baada ya nyingine, nyeusi au za kahawia, zenye umbo kamili la soli ya kiatu, kutoka mlangoni hadi getini, na hubaki hivyo hadi majani mapya yatakapoota. Tumewahi kuitwa kutibu ugonjwa wa nyasi, tukakuta ni njia ya mkato ya watu wa nyumbani. Wekeni kizuizi chepesi, hata kamba tu, na mpite pembeni mpaka jalidi iishe.

Chumvi inayomwagwa njiani ili kuyeyusha barafu ni hatari nyingine, hasa theluji iliyochanganyika nayo inapozolewa na kurundikwa ukingoni mwa nyasi. Chumvi huizuia mizizi kuvuta maji, na sodiamu iliyomo hugandamanisha udongo. Mchanga hauyeyushi barafu, lakini huzuia watu kuteleza bila kudhuru mimea. Ikiwa chumvi imekwisha kuingia, mwagieni sehemu hiyo maji mengi mara udongo unapoacha kuganda, ili ishuke chini ya mizizi.

Kuhusu ukungu wa theluji tunaulizwa kuliko jambo lolote. Huu ni ugonjwa wa kuvu wanaostawi katika baridi iliyo karibu na sifuri, hasa theluji nzito inapoangukia udongo ambao bado haujaganda na kukaa kwa majuma mengi. Theluji ikiondoka, huonekana mabaka ya mviringo yenye majani yaliyolala na kushikamana, yamefunikwa na utando wa kijivu au wa waridi. Dawa ya kuua kuvu ikipigwa baada ya theluji kuyeyuka haina faida kubwa, nasi hatuiuzi kwa kazi hiyo. Subirini sehemu hiyo ikauke kidogo, kisha ipitishieni reki kwa wepesi ili hewa na mwanga vipenye, na mara nyingi nyasi hujirudia zenyewe.

Kinga yake huanza kabla ya baridi: kuondoa majani ya miti yaliyopukutika, na kushusha kimo cha nyasi taratibu, bila kukata zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, hadi kufikia sentimita 5 au 6. Nyasi ndefu hulaliana chini ya theluji na kuwapa kuvu makao. Zilizonyolewa hadi udongoni, nazo, hukosa akiba. Mbolea itiwe wakati nyasi bado ni za kijani. Mteja akituomba tuitie juu ya udongo ulioganda, tunakataa hata kama yuko tayari kulipa, kwa sababu haiwezi kupenya, na maji ya theluji huichukua yote hadi kwenye vijito.

Baridi ikipungua, msiingize mashine wala toroli ikiwa udongo bado unatoa maji chini ya kiatu, maana hapo ndipo unaposhindiliwa vibaya zaidi. Sehemu ambazo kisu kimethibitisha kuwa zimekufa, tunazitifua na kuzipanda mbegu udongo unapofikia nyuzi 10 hivi, kwani kabla ya hapo mbegu nyingi hukaa tu ardhini zikiliwa na ndege.