Msituambie tusali kwa simu

Ndugu Mhariri,

Tangu UVIKO-19 ilipofunga milango ya nyumba za ibada mwaka 2020, makusanyiko mengi yamejifunza kurusha ibada mubashara. Kamera zimenunuliwa, vijana wamefundishwa kuzitumia, na mgonjwa aliyelala kitandani anafuatilia kila kitu bila kuinuka. Hilo ni jema, sina neno nalo. Ninalolalamikia ni jibu ambalo sisi wenye ulemavu tumeanza kupewa tangu wakati huo. Mwenye kitimwendo akiuliza kuhusu ngazi za mlangoni, anaambiwa: "Lakini si tuko mtandaoni siku hizi?" Ukisema husikii, unashauriwa uvae visikizio ukafuatilie kwako.

Wale watu wanne wa kwenye Injili walioitoboa dari ili kumshusha mwenzao aliyepooza walikuwa na njia nyepesi zaidi: wangeweza kumsimulia jioni yaliyosemwa.

Mimi usikivu wangu ni hafifu. Navaa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti, masikio yote mawili, huu mwaka wa 11. Watu hudhani shimesikio ni kama miwani, kwamba ukishavaa yamekwisha. Kile kifaa hakijui ninataka kumsikia nani. Mtu akiwa karibu namsikia vizuri. Akiwa mbele ya ukumbi mkubwa, sauti yake inanifikia imechanganyika na mwangwi wa kuta, feni, kikohozi cha jirani na mtoto anayelia. Fundi mitambo akiniona nimetega sikio, kwa nia njema kabisa, huongeza sauti. Anachoongeza ni mwangwi.

Dawa yake ipo, na si mpya. Waya unazungushwa ukumbini, chini ya zulia au ukingoni mwa sakafu, na kuunganishwa na amplifaya inayopokea sauti ya maiki. Umeme unaopita kwenye waya ule unatengeneza uga wa sumaku unaopanda na kushuka kufuata sauti, na ndani ya mashimesikio mengi mna koili ndogo ya kuunasa. Nabonyeza kitufe, maiki ya kifaa changu inazima, msemaji anahamia ndani ya sikio langu. Kikohozi kinatoweka. Penye mfumo huo hubandikwa alama ya sikio yenye herufi T. Siku ya kwanza kuutumia, nikiwa mgeni katika kusanyiko la watu wengine, nilimsikia msomaji akivuta pumzi kabla ya kuanza aya. Nilikuwa nimesahau kwamba wasomaji huvuta pumzi.

Ila waya ule hubeba kile tu kilichopita kwenye maiki. "Nadhani wote mnanisikia bila hiki chombo," anasema mzee mmoja, anaweka maiki pembeni, na kwangu ukumbi wote unazimika. Hakuna anayenyoosha mkono kusema hasikii, maana asiyesikia hakulisikia hata hilo swali. Maswali ya waumini, dua ya ghafla, ushuhuda, tangazo la msiba, mara nyingi hupita hivyo hivyo. Basi kamati, kabla haijanunua chochote, iweke kwanza kanuni isiyo na gharama: lolote linaloambiwa kusanyiko lipite kwenye maiki.

Wengine hupendekeza maandishi yanayojiandika yenyewe kwenye skrini. Yanasaidia, nami huyatumia simuni. Tatizo ni kwamba programu hizo hukosea zaidi pale ambapo ibada ina uzito: majina ya manabii, maneno ya Kiarabu, Kiebrania au Kilatini, msemaji anapopandwa na hisia. Msemaji akimpa mwendesha mitambo aya na majina mapema, makosa hupungua sana. Na nikifuata maandishi ya matangazo ya mubashara nikiwa humo humo ukumbini, yananifikia yamechelewa. Nimewahi kuitikia "Amina" wenzangu wakiwa wameshakaa.

Maandishi hayo pia hayamtoshi kila kiziwi. Aliyezaliwa bila kusikia mara nyingi lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama, yenye sarufi yake, na lugha za alama duniani ni nyingi, zimetofautiana kama zinavyotofautiana lugha tunazosema. Biblia nzima katika Lugha ya Alama ya Marekani imekamilika mwaka 2020 tu, kwa video. Mtu huyo anahitaji mkalimani, na mkalimani anahitaji mwanga. Taa zikizimwa ili projekta ionekane, naye amezimwa. Kwenye matangazo ya mubashara ndiyo usiseme: anawekwa kwenye kidirisha pembeni, kidogo kama stempu, na vidole vyake huvioni kwenye simu hata ukodoe macho.

Nina rafiki asiyeona. Kila wiki kundi letu la simu hutumiwa tangazo la ibada likiwa picha iliyopambwa vizuri, na kisoma skrini chake, yaani programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, ambayo siku hizi imo ndani ya simu janja karibu zote, kinatamka "picha" kisha kinanyamaza. Yaani kijana aliyelitengeneza aliyaandika maneno, halafu akayafungia ndani ya picha. Kuyabandika tena chini yake hakumalizi dakika. Vitabu vya nyimbo vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa vina ugonjwa huo huo. Wapo wanaoogopa haki miliki; Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulitungwa kwa ajili yao. Katika nchi zilizojiunga, nakala za nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa kupapasa), za sauti au za kielektroniki zinaweza kutengenezwa kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye kazi. Naye Louis Braille, asiyeona aliyevumbua hizo nukta, sita kwa kila herufi, alikuwa mpiga kinanda kanisani jijini Paris. Waumini walioona waliimba wakimfuata yeye.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Mazungumzo yetu yote ni ya namna ya kutupokea. Ni nadra yakawa ya kutupa kazi. Ibn Umm Maktum alikuwa haoni, na alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume. Sura ya 80 ya Qur'ani inaanza na kisa chake. Musa alipolalamika kwamba ulimi wake ni mzito, alipewa Haruni wa kumsemea, na safari ya kwa Farao ikabaki pale pale. Leo Haruni anaweza kuwa tableti: mtu anagusa maneno au alama, sauti inatoka.

Katika kusanyiko letu binti mmoja mwenye mtindio wa ubongo alisoma aya kwa njia hiyo. Mwanzoni watu waligeuka kumtafuta nani anachezea simu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuiunganisha tableti na mitambo, kwa hiyo mtu alisimama kando yake akashikilia maiki kwenye kitundu cha spika, mkono unatetemeka, mpaka aya ikaisha. Mara ya pili waya ulikuwa tayari. Mara ya tatu hakuna aliyegeuka.

Tusitegemee sheria itusukumie jambo hili. Hata Marekani, sheria yao maarufu ya mwaka 1990 ya kulinda watu wenye ulemavu iliyaacha mashirika ya dini nje ya masharti yake kuhusu majengo na huduma za umma. Limeachiwa dhamiri za viongozi, na viongozi wengi husema kwao watu wenye ulemavu ni wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya sita, wana ulemavu mkubwa. Kiongozi ahesabu waumini wake, agawanye kwa sita, halafu aangalie viti vyake. Hao asiowaona, baadhi yao wanamtazama yeye kwenye simu.

Simaanishi kamera zizimwe. Yupo ambaye mwili wake haumruhusu kutoka, na kwake yale matangazo ndiyo mlango pekee. Huyo naye asalimiwe kwa jina, maombi yake yasomwe, asiachwe kuwa mtazamaji tu. Ninachokataa ni mlango huo kufanywa wa kila mwenye ulemavu, hata anayeishi mtaa wa pili na ambaye kinachomzuia ni ngazi tatu na kamati isiyotaka kumwuliza.

Wiki ijayo kamati yetu inakaa kujadili ununuzi wa kamera ya tatu. Nimeomba dakika kumi kwenye ajenda ili nieleze habari ya ule waya. Nimeomba pia kwamba kila atakayenijibu atumie maiki.

Msomaji wako,
Mwenye shimesikio mawili