Spika ya Bluetooth inakatakata? Usikimbilie kununua nyingine

Wateja wengi wanaotuletea spika na hedifoni za Bluetooth wanakuja na maneno yaleyale: "Inakatakata, nadhani imekufa. Nipe yenye namba kubwa." Namba yenyewe ni ile ya toleo la Bluetooth iliyoandikwa kwenye boksi, 5.0 au 5.3. Kabla hujatoa hela, tusikilize kwanza, maana mara nyingi kifaa ni kizima na namba hiyo haihusiki.

Bluetooth ilianzia kampuni ya Ericsson, Sweden, mwaka 1994, kwa lengo la kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson ikaungana na Nokia, IBM, Intel na Toshiba ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Mawasiliano yake hupita kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo nchi nyingi zimeyaacha yatumike bila leseni. Kwa hiyo wamejazana humo: ruta za Wi-Fi, vipanya visivyo na waya, hata maikrowevu ya jikoni. Bluetooth hujiokoa kwa kurukaruka. Kwa upande wa muziki kuna chaneli 79, na simu pamoja na spika huhama kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio zilioafikiana. Zikikuta chaneli zenye vurugu huziacha na kutumia zilizobaki. Sasa ukiwa kwenye ghorofa ambalo kila nyumba ina ruta yake, chaneli safi hubaki chache, na sauti huanza kukatika. Simu nyingi pia hutumia antena moja kwa Bluetooth na Wi-Fi ya 2.4, zikipeana zamu. Kama ruta yako ina mtandao wa gigahezi 5, hamishia simu huko. Watu kadhaa wameondoka dukani kwetu wakiwa wamepona kwa hilo tu.

Kisha kuna mwili wako. Jaribu hivi: weka simu mfuko wa nyuma wa kulia, tembea nje uwanjani, sikiliza kama muziki unakatika. Ihamishie mfuko wa shati, sikiliza tena. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya masafa haya. Vifaa vingi vidogo hurusha kwa nguvu ya miliwati 2.5 hivi, kiasi cha kufika kama mita 10 pasipo kizuizi. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga ukuta na kurudi, yakakufikia kwa njia nyingine. Uwanjani hakuna ukuta wa kuyarudisha.

Lalamiko linalotusumbua zaidi, kwa sababu limewafanya watu watupe hedifoni nzuri, ni hili: muziki unasikika safi, lakini ukiingia kikao cha Zoom kwenye kompyuta, sauti inakuwa kama ya redio ya zamani. Hedifoni haijaharibika. Bluetooth ina utaratibu mmoja wa kusikiliza muziki na mwingine wa kupiga simu. Ule wa muziki hupeleka sauti upande mmoja tu, kwa ubora mzuri, kushoto na kulia. Maiki ikiwashwa, kifaa huhamia utaratibu wa simu, ambao lazima ubebe sauti kwenda na kurudi, na hapo ubora hushuka sana. Dawa yake haina gharama: kwenye mipangilio ya sauti, acha hedifoni iwe ya kusikilizia, halafu kwenye maiki chagua ile ya kompyuta yenyewe. Sauti inarudi palepale.

Na ile namba ya boksi? Toleo la 5.0 lilitoka mwaka 2016 na kweli liliongeza kasi na umbali, ila kwa ule upande wa Bluetooth unaotumia umeme kidogo, wa saa za mkononi na vipimo vya mwili. Njia ya kawaida ya muziki haikuguswa. Kinachobadilisha sauti ni kodeki, yaani namna muziki unavyobanwa kabla ya kurushwa, na lazima simu na spika ziwe nayo zote mbili. Ukinunua spika yenye kodeki ya bei kubwa na simu yako haina, zitarudi kwenye SBC, kodeki ya msingi ambayo kila kifaa cha muziki kinayo. Hela yako imepotea bure.

Kwa hiyo ukija kununua kwetu, njoo na simu yako. Tutaiunganisha, utatembea nayo mpaka mlangoni, utapiga simu moja, ndipo ulipe. Ukileta ya zamani tunaipima kwanza, maana betri iliyochoka nayo hukatakata sauti. Betri za spika nyingi zinabadilishika. Zile hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni nyingi zimegandishwa kwa gundi, na kama yako haifunguki bila kuvunjika tutakwambia kabla hatujaigusa.