Kete kwanza, penseli baadaye

Ndugu Mhariri,

Muhula ukianza, mzazi wa mtoto wa miaka 3 hufungua daftari akitafuta ukurasa uliojaa "a". Asipouona, basi shule haifundishi. Sisi walimu wa awali tunajua kurasa zile hupatikanaje: ama mwalimu kashika mkono wa mtoto, ama mtoto kakamata penseli kwa ngumi, anaiburuza kwa nguvu za bega.

Si uvivu. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa 8. Mtoto huzaliwa vikiwa bado gegedu, kisha hugeuka mfupa kimoja baada ya kingine. Cha mwisho huanza kwenye miaka 9 hadi 12. Daftari haliharakishi hilo. Kinachofundishika mapema ni gumba, shahada na kidole cha kati kufanya kazi pamoja, viwili vilivyobaki vikitulia kiganjani.

Kwa hilo hatujaona zoezi linaloshinda kusambaza kete za bao. Hata bao lenyewe si lazima, trei tupu ya mayai inatosha. Mtie mtoto kiganjani komwe 2, zile mbegu ngumu zinazotumika kama kete. Aisukume moja kwa gumba mpaka ifike kwenye ncha za vidole, aidondoshe shimoni, kisha ya pili, mkono mwingine ukiwa mgongoni. Asiyeweza utamwona anaegemeza kiganja tumboni, au anazimwaga zote kwa pamoja. Usimkemee, wala usimwongezee. Akizimudu 2 kwa siku kadhaa, mpe 3, mwishowe 5. Ukimjazia kiganja tangu mwanzo, vidole vyote vitang'ang'ania kete zisianguke na gumba halitapata nafasi ya kusukuma. Walio chini ya miaka 3 wasipewe komwe kabisa, zitawakaba. Wao wadonoe vipande vidogo vya ndizi mbivu.

Unga wa kuchezea nao hauna gharama kubwa: vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, na maji yasiyozidi kikombe, yakitiwa kidogo kidogo. Ukinata mikononi, maji yamezidi; ongeza unga. Kukanda kwa viganja peke yake hakutoshi. Mtoto aviringe vidonge vya ukubwa wa njegere kwa ncha za vidole, na asile, chumvi ni nyingi. (Udongo wa mfinyanzi ni bora zaidi, ila wazazi wanalalamikia sare.)

Kwenye mkasi, kosa kubwa ni kuanza na karatasi ya daftari. Ni laini, hujikunja katikati ya makali. Tumia boksi la dawa ya meno, ukate vipande vya upana wa sentimita 2 ili mtoto amalize kwa mkato mmoja, gumba likiwa juu. Wa mashoto asilazimishwe mkono wa kulia. Mkasi wa kawaida, wa mkono wa kulia, ndio unaomficha mstari wa kukata.

Chaki ivunjwe vipande vya sentimita 3. Chaki nzima inakaribisha ngumi, kipande kifupi hakina pa kushika ila kwa ncha. Ubao uwe ukutani, usawa wa macho ya mtoto. Akikaa kwenye dawati na miguu inaning'inia, weka tofali chini ya miguu.

Na mzazi akidai daftari, aonyeshwe mwanawe akifunga mwenyewe vifungo vya shati, akianzia cha chini, anachokiona vizuri.

Walimu wa darasa la awali,
Tanga