Muda wa maombi mnao, tena mwingi tu

Rafiki yangu kipenzi, Bwana Yesu asifiwe! Meseji yako nimeisoma jana usiku nikiwa natoka mazoezi, nikasema hii siijibu juujuu, wacha nikuandikie vizuri.

Unasema mwalimu wenu wa kwaya hataki mtenge muda wa kuombeana kwenye mazoezi kwa sababu mashindano ya jimbo yamekaribia na wimbo bado haujakaa. Namuelewa kabisa, ila hebu angalia mazoezi yenu yanavyoenda. Sala ya kufungua inaombwa watu wachache tu ndo wamefika, wengine bado wako kwenye daladala, na ya kufunga watu wameshashika mikoba wako mlangoni, sasa hapo mmeombeana saa ngapi? Alafu katikati, mwalimu akiwa na watu wa sauti ya besi anawapitisha kwenye solfa zao (zile do, re, mi za wimbo), nyie wa sauti ya alto mnafanya nini? Mnachati. Akimaliza besi anahamia kwa watu wa tenor, nyie mnaendelea kuchati. Muda ndo huo dada yangu! Sisi huku sauti inayosubiri inatoka nje, tunakaa chini ya mwembe dakika 10 au 15, kila mwenye hitaji analisema kwa kifupi tunaombeana, tena kwa sauti ya chini tusiwavuruge walioko ndani, tukiitwa tunarudi kuunganisha sauti na mwalimu hajapoteza chochote.

Na tumejuana kweli. Kuna mama wa alto alikua anakaa pembeni haongei na mtu, watu wakadhani anaringa, kumbe mtoto wake amelazwa, anatoka wodini anakuja kuimba alafu anarudi kulala hospitali. Siku aliyosema lile hitaji tulilia wote, na palepale wakapangana zamu za kumpelekea chakula.

Ila chagueni mtu wa kuongoza, maana kuna wapendwa wakipewa nafasi wanageuza mahubiri muda unaisha, na yanayosemwa pale yabaki palepale, yasiende kwenye grupu la WhatsApp.

Mwalimu akikuletea habari ya mfalme Yehoshafati wa Yuda kuweka waimbaji mbele ya jeshi, mfungulie 2 Mambo ya Nyakati 20 aanzie mstari wa 3, Yuda yote ilifunga kwanza ikamtafuta Bwana, waimbaji wanakuja kutokea mstari wa 21.

Anzeni alto Jumamosi hii hii, msisubiri kikao. Na ile ishu ya kazi ya shemeji nimeshaipeleka kwa wenzangu, tunaiombea. Nakupenda sana, wasalimie watoto.