Stagihoni ya Mombasa haitaki kufungiwa chumba cha kiyoyozi

Mhariri, salamu nyingi kutoka huku Tudor.

Naandika kwa sababu ya ile makala ya mimea ya nyumbani mliyotoa juzi, ile iliyosema stagihoni inataka joto la nyuzi 15 mpaka 27 za selsiasi, na kwa hivyo sisi watu wa pwani tuiweke chumba chenye kiyoyozi isije ikaungua. Nimeisoma mara mbili nikasema hapana, hii lazima niijibu, manake mie nilifanya hivo hivo mwaka juzi na nusura niupoteze mmea ninaoupenda kuliko yote niliyonayo, na najua kuna mtu saa hizi ashaitoa yake roshani kwa ajili ya yale maneno.

Kwa asiyeijua, ni aina ya kangaga, majani yake yamegawanyika kama pembe, halikai mchangani kama maua mengine, linashikilia mti au kibao na kuning'inia. Chini lina majani mengine ya duara yamebana kama ngao, yakizeeka yanakuwa ya kahawia na watu wanayabandua wakidhani yameoza. Tafadhali msiyabandue, ndiyo yanayoshika mizizi na kuihifadhia maji.

Sasa hizo nyuzi 15 mpaka 27. Ni kweli, lakini hicho ni kipimo cha raha yake, si kwamba ikifika 28 inakufa. Ile inayouzwa sana jina lake la kitaalamu ni Platycerium bifurcatum, na kwao ni mashariki ya Australia, kuanzia Queensland kushuka New South Wales, na huko kuna usiku wa baridi haswa na mchana wa joto kali. Iliyokomaa inaweza kuvumilia baridi ya karibu na sufuri kwa muda mfupi, na joto la 35 pia inalivumilia, bora tu iwe kivulini, hewa iwe inapita na iwe na unyevu. Sisi hapa mwezi wa pili na wa tatu kaskazi ikishika tunafika 32, 33, usiku ni 24 na zaidi. Kusi ikiingia, mwezi wa saba na wa nane, mchana ni kama 28 na usiku unashuka kidogo tu. Yaani hakuna mwezi hata mmoja Mombasa ambao mmea huu utakufa kwa baridi, na joto letu lenye unyevu wa bahari si adui yake pia.

Mie niliitundika chumbani, kiyoyozi nikakiweka 20, nikajiona nimeitunza vizuri. Baada ya kama wiki tatu ncha zikaanza kukauka, zikawa kama karatasi, na lile jani changa lililokuwa linachomoza likasinyaa kabisa. Nikaongeza maji, ikazidi kuwa mbaya. Nilidhani ni ile baridi, lakini nyuzi 20 kwa stagihoni si baridi hata kidogo. Shida ni ukavu. Hebu nendeni nje mkauangalie ule mpira wa kiyoyozi unaodondosha maji ukutani mchana kutwa, yale maji yametoka wapi? Ni unyevu wa chumba chako umenyonywa hewani ukamwagwa nje, na mmea usio na mchanga wa kutegemea unateseka mapema kuliko ule wa kwenye nyungu. Halafu ule upepo unaipiga moja kwa moja usiku kucha.

Nikaitoa nikaitundika roshani ya upande wa mashariki, inapata jua la asubuhi la saa moja hivi mpaka saa tatu na baada ya hapo kivuli chenye mwanga. Mwezi wa pili tangu niitoe ikatoa jani jipya, jeupe lile la manyoya manyoya. Hayo manyoya nayo si vumbi wala ukungu, ndiyo yanayoizuia isipoteze maji ovyo, kwa hivyo ukiwa na kitambaa mkononi kiweke chini.

Lakini sisemi weka popote. Kijana wangu aliniletea kipimajoto kidogo nikawa nakizungusha nyumbani, saa kumi jioni roshani ilikuwa 31 na ule ukuta wa simiti unaoelekea magharibi ulikuwa 39, siku ile ile nyumba ile ile! Na ukuta huo unabaki na joto mpaka usiku, ukiupigilia stagihoni juu yake ni sawa na kuiegemeza kwenye jiko. Mabati nayo ni hivo hivo, dadangu wa Kisauni aliitundika chini ya bati tupu bila dari na ikabadilika rangi kwa siku nne. Hapo ndipo penye hatari ya joto kwetu, si hali ya hewa ya Mombasa, ni bati, simiti na jua la alasiri. Mwembe ukiwa nao umemaliza kazi, jirani yetu mmoja Likoni ameifunga kwenye mwembe kwa kamba ya makumbi na hana habari ya nyuzi ngapi wala nini.

Maji yanafuata joto, na hapa naomba mtu asome taratibu. Joto likipanda inakunywa zaidi, likishuka inakunywa kidogo, na kilicho kibaya kabisa ni ubaridi pamoja na kulowa. Wakati wa kaskazi mie naichovya na kibao chake kwenye karai kama robo saa, mara mbili kwa wiki, naiacha idondoke ndipo naitundika. Masika yakianza naacha kabisa, ile mvua ya mwezi wa tano inatosha na kupita, na ikizidi naisogeza ndani kidogo manake ukiona weusi unaanza pale kwenye ngao ujue inaoza. Na maji ya kisima yenye chumvi msiipe, tunajua visima vya kisiwani vilivyo, afadhali ukinge ya mvua. Makumbi ya kufungia pia yaloweke siku mbili tatu ukibadilisha maji, chumvi itoke.

Wenzetu wa bara wao wana sababu ya kuogopa baridi. Nairobi mwezi wa saba usiku inashuka mpaka 10 au 12, Limuru huwa kuna hata sakitu, huko waiingize ndani wapunguze maji. Hiyo makala ingewafaa zaidi wao, na hata kwao isingekuwa habari ya kiyoyozi.

Jambo la mwisho linaloniuma. Makala ilizungumza kana kwamba mmea huu ni wa kigeni tu, na Afrika tunazo zetu. Platycerium alcicorne inaota Madagascar na pwani hii ya Afrika Mashariki, na Platycerium elephantotis, ile yenye majani mapana kama masikio ya ndovu, iko Uganda na nchi nyingine za bara hili. Hiyo ya masikio haipendi chini ya 15 kwa hivyo joto la Mombasa linaifaa hasa. Lakini inunuliwe kitaluni, iliyozalishwa, asije mtu akaenda kubandua mitini kwenye msitu wa kaya akasema gazeti limeniambia. Zile kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 2008 na mimea yake ibaki pale pale.

Nawaomba mchapishe masahihisho kabla kaskazi haijaanza, manake ndipo watu wanapowasha viyoyozi mchana na usiku. Na aliyeiweka yake chumbani aitoe leo, ila asiipeleke juani ghafla, aizoeshe kivulini wiki mbili kwanza.

Msomaji wenu na mpenda maua,
Tudor, Mombasa